Usiku mfalme alipokosa usingizi

Mpendwa Mama Baraka,

Bwana Yesu asifiwe. Tangu tuagane Jumanne pale kwenye benchi, nje ya chumba cha kusafisha damu, neno lako halijanitoka: "Nimeomba mpaka maneno yameniisha, na Yeye kimya." Ulilisema umepakata chupa ya uji wa Baba Baraka. Sikukujibu, na ni heri nilinyamaza. Wanaokuambia imani yako haba wanakuonea, dada yangu.

Nilipofika nyumbani nikafungua kitabu cha Esta. Sura 10 nzima, Mungu hatajwi hata mara moja. Watu wanafunga siku 3, hawali wala hawanywi, na hakuna sauti yoyote kutoka mbinguni. Hamani, mkuu wa maakida wa mfalme, anapiga kura kutafuta mwezi wa kuwaangamiza Wayahudi, inaangukia wa 12, na mwaka ndiyo kwanza umeanza. Hata kura ya adui iliwaachia nafasi ya kupumua!

Ila lililonishika ni la Mordekai, Myahudi aliyemlea Esta. Alifichua njama ya kumuua mfalme, jambo likaandikwa kitabuni, yakaishia hapo. Hakuna aliyemlipa fadhila. Hayo yalitokea baada ya Esta kuingia kwa mfalme Ahasuero na kuwa malkia, mwaka wa 7 wa utawala wake, na kura ya Hamani ikapigwa mwaka wa 12. Wema wa Mordekai ulikuwa umelala kwenye kurasa tu. Sasa usiku ule mti wa dhiraa 50 umeshasimamishwa na Hamani ili Mordekai atundikwe kesho yake, mfalme anakosa usingizi. Usingizi tu, mama! Anaagiza kitabu kiletwe asomewe, na panaposomwa ni pale pale penye jina la Mordekai. Mwenyewe hakuwemo chumbani mle. Hakujua kama taa imewashwa kwa ajili yake.

Siwezi kukuahidi kwamba Baba Baraka atapona, hilo sijaambiwa. Ninaloamini kwa moyo wote ni kwamba Mungu yumo kwenye vyumba tusivyoingia mimi na wewe, na hajasinzia.

Maneno yakikuisha, usijilazimishe. Zamu ya kuomba niachie mimi. Ijumaa pia nitakaa naye, wewe ubaki nyumbani ulale. Uji nitapika mwenyewe, nitumie tu ujumbe kikombe alichoruhusiwa na daktari ni kipi, kile kidogo cha bluu au kile chenye mkono.

Akupendaye,
Mama Upendo