Betty ni wa Bogotá

Mhariri,

Inaniuma kusikia watu wakidai kuwa hadithi ya Betty ilizaliwa Marekani. Tamthilia ya televisheni "Yo soy Betty, la fea" ("Mimi ni Betty, mwenye sura mbaya") ilianza kurushwa Kolombia mwaka 1999. Iliandikwa na Fernando Gaitán, na mwigizaji Ana María Orozco ndiye Beatriz, yaani Betty: mchumi hodari, miwani mikubwa, vyuma vya meno, anayekubali ukatibu muhtasi katika kampuni ya mitindo jijini Bogotá kwa kuwa sura yake imemfungia milango mingine. Mabinti wangapi wanayajua hayo! Toleo la Marekani lilikuja 2006, India, Ujerumani na Urusi zikiwa zimeshatengeneza ya kwao. Gaitán alifariki 2019. Naomba gazeti lako, kila linapoitaja tamthilia hii, limtaje na yeye.

Msomaji wako,
Tanga