YAH: Malalamiko kuhusu motahomu (gari-nyumba) mliyotukodisha na maneno aliyoambiwa mama yangu

Kwa Meneja,

Salamu. Hii barua nimeiandika mara tatu nikaifuta, hii ya nne naituma ilivyo, na pale maneno yatakapokuwa makali naomba mnivumilie kama mimi nilivyowavumilia nyinyi. Mkataba mnao na masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sielezi nilikodi nini wala kwa siku ngapi.

Naanza na Stovepipe Wells maana ndiyo inayoninyima usingizi. Tulikuwa tunatoka jangwa la Death Valley, California, tunapanda mlima wa Towne Pass, rejeta ikachemka, tukageuza tukashuka tukijikokota mpaka Stovepipe Wells ambako angalau simu inashika. Nikapiga namba yenu ya dharura nikaweka spika kwa sababu mikono yangu yote ilikuwa michafu. Mama yangu, miaka 71, amekaa kwenye kiti cha kukunja kwenye kivuli cha gari anajipepea na ramani ya hifadhi. Kijana wenu kanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "Sasa huyo bibi mlimpeleka jangwani kufanya nini? Si mngemwacha nyumbani?" Akaniweka kwenye muziki dakika 40, kisha laini ikakata.

Mama hajui Kiingereza. Ndiyo maana niliwachagua nyinyi, mlijinadi mnahudumia kwa Kiswahili saa 24. Kijana angesema kwa Kiingereza ningemdanganya mama kwamba ametupa pole, yangeisha. Lakini hapana, siku hiyo huduma ya Kiswahili ilifanya kazi vizuri sana.

Na msiniambie tena kama mlivyoandika kwenye imeili kwamba Death Valley hairuhusiwi. Katazo lenu ni la kiangazi, na ni haki mkatazie watu, humo humo Death Valley, pale Furnace Creek, ndipo lilipopimwa joto la digrii 56.7 za Selsiasi mwaka 1913 na ilikuwa Julai. Sisi tulikuwa Aprili! Ofisi yenu yenyewe ilipitisha safari yetu, hifadhi ya Joshua Tree, Death Valley, halafu pwani mpaka San Francisco, muhuri wenu upo.

Jenereta sasa. Ilikufa usiku wa kwanza tu, Joshua Tree, kambi ya Jumbo Rocks ambako hakuna umeme wala maji, yaani unategemea ulichobeba. Nikapiga, mkaniambia tenki la mafuta litakuwa chini ya robo. Jamani, najua kwamba jenereta inanyonya mafuta kwenye tenki la gari na mafuta yakishuka karibu na robo inajizima ili usikwame porini, kitabu chenu nilikisoma chote. Mafuta yalikuwa zaidi ya nusu, picha ya dashibodi niliwatumia usiku ule ule na hamjaijibu mpaka leo. Eisii ikalala, maikrowevu ikalala, ashukuriwe Mungu friji ilikuwa inatumia gesi. Halafu naletewa bili ya mwisho nakuta mmenichaji saa 9 za jenereta. Saa 9 za jenereta iliyokufa! Labda ilikuwa inaamka sisi tukilala.

Nimesahau pia, tulibuki gari la futi 24 mkatupa la futi 30 mkasema ni zawadi. Zawadi gani? Kule Death Valley, barabara ya Artists Drive na ile ya kupanda Dante's View zinakataza gari linalozidi futi 25, na mtu wa kazi yenu hawezi kusema hajui. Tukaishia kuviona kwenye kadi za posta.

Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuomba vitu viwili tu, pesa ya gari la kuvuta mliyokata kwenye dhamana yangu mkaiita "matumizi mabaya ya mteja", na hizo saa 9. Ndani ya siku 14. Nilikuwa tayari yaishe hapo, ila fundi aliyekuja kutuvuta alipofungua boneti aliniita nione. Mpira wa rejeta umezungushiwa utepe. Na si utepe wa jana, umeshakuwa mweusi, umekakamaa, una vumbi la safari za watu wengine. Nani ametumia vibaya hapo, mimi au karakana yenu? Mlimpa mama yangu gari lililofungwa bandeji akapite nalo jangwani. Picha 6 nimeambatanisha.

Narudia ya ile simu, mtu asije akasema sikueleza vizuri. Simu ilikuwa kwenye ngazi ya mlango, hatua moja kutoka alipokaa mama. Kijana akasema lile la "huyo bibi", na kabla muziki haujaanza nikamsikia anamwambia mwenzake pembeni, "wamebeba kizee mpaka jangwani," wakacheka, wawili. Hiyo sehemu mwanzo sikuiandika, niliona aibu kuiandika. Mama akaacha kujipepea. Akaikunja ramani taratibu, kunjo kwa kunjo, akaiweka mapajani akaniambia, "Mwanangu, nimewapa mzigo." Muziki wenu unalia. Dakika 40 unalia, na mimi sikuthubutu kuukata maana ndiyo ilikuwa laini ya pekee ya msaada.

Sasa lile swali la kijana wenu nalijibu. Jangwani alitaka kuja yeye, si mimi niliyempeleka. Alikuwa anataka asimame pale Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, halafu wiki hiyo hiyo akaione bahari yenyewe. Badwater alisimama, alitembea kwenye chumvi, alifurahi kama mtoto, na hiyo ilikuwa asubuhi ya siku hiyo hiyo mliyomharibia.

Pwani ndiyo msiulize. Siku mbili tumezipoteza tukisubiri gari, tulipofika Morro Bay akasema jiwe lile kubwa analiona vizuri tu kupitia dirishani. Kwa wale sili wakubwa wenye pua kama mkonga pale Piedras Blancas hakushuka. Daraja la Bixby, limesimama toka 1932 na watu wanatoka dunia nzima kulipiga picha, hakushuka, kasema asije akachelewesha watu. Mnara wa taa wa Pigeon Point tuliupita bila hata kusimama, muda wa kurudisha gari lenu ulikuwa unaisha na faini ya kuchelewa mnaijua nyinyi.

Kwa hiyo nimebadilisha. Sitaki tena vitu viwili. Nataka pesa yote ya kukodi, dhamana yote, na ile ya kuvuta, na zile siku 14 nilizoandika hapo juu mzifute, ni siku 7. Zikipita naanza na benki kupinga malipo, halafu mahakama ya madai madogo ya California, ambayo mtu binafsi anadai mpaka dola 12,500 na wala haina habari ya mawakili, tutakaa mimi na nyinyi mbele ya hakimu na picha ya utepe. Na yule kijana ampigie mama yangu mwenyewe, si imeili, si kuponi ya punguzo, amwombe radhi kwa Kiswahili kile kile. Namba mnayo kwenye mkataba. Mwambieni tu kwamba akipiga, mama ataweka spika, na nyumba nzima tutakuwepo.

Mteja wenu wa motahomu ya futi 30