Altrasaundi ya wiki 12 isiishie kwenye mapigo ya moyo

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongelee jambo ambalo huku kliniki linaniuma sana, wajawazito wengi wanakuja altrasaundi mimba ina miezi saba au nane na swali lao ni moja tu, wa kike au wa kiume. Na wale wachache wanaowahi wanaambiwa moyo unadunda, mimba ina wiki kadhaa, basi, wanafuta jeli wanaondoka. Mikono na miguu hakuna aliyeiangalia.

Jamani viungo vinaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki ya 6 mikono inaanza kuchomoza kama vichipukizi, miguu inafuata siku chache baadaye, na kufika wiki ya 10 vidole vimeshaachana, wakati huo mama mwingine ndo kwanza anajiuliza hii ni malaria au mimba. Kwenye altrasaundi vichipukizi vinaonekana kuanzia wiki ya 8 hivi ila mi naona wakati mzuri ni wiki ya 12 au 13. Mtoto ana sentimita 6 hivi toka utosini mpaka makalioni, anaenea mzima kwenye skrini, anarusha mikono, mpimaji akitulia anaona paja, mguu wa chini na ile mifupa miwili ya chini ya kiwiko, anaona mpaka kiganja kikifunguka. Mwezi wa nane kashajikunja, mkono umejificha nyuma ya kichwa, hata mzoefu anahangaika.

Na faida ipo. Mfupa wa upande wa dole gumba ukikosekana lazima moyo nao uangaliwe kwa makini, maana kuna magonjwa ya kurithi yanayogusa vyote viwili. Nyayo zilizopinda zinahitaji kipimo kingine wiki ya 18 mpaka 22, ukizisemea mapema sana unaweza kumtisha mama bure, lakini zikijulikana familia inajipanga mtoto aanze kufungwa POP, ile plasta ngumu ya kunyoosha miguu, wiki za mwanzo tu za maisha, sio kufichwa ndani eti mama yake alimcheka mlemavu.

Wenye kumbukumbu wanaijua thalidomaidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani 1957 na wajawazito wakaimeza kwa kichefuchefu. Iliondolewa huko Novemba 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani wameshadhurika, wengi mikono mifupi au hawana kabisa. Hatari kubwa ilikuwa kati ya siku ya 34 na ya 50 hivi toka hedhi ya mwisho. Daktari Ian Donald na wenzake walitoa picha zao za kwanza za altrasaundi kutoka Glasgow 1958, ila mashine za wakati ule zisingeweza kuonyesha kidole, wazazi waliyajua hayo siku ya kujifungua. Sisi mashine tunazo, hata za wilayani nyingi zinaonyesha.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri altrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24. Mi naomba wapimaji wenzangu, mama akija wiki ya 12 ongeza dakika chache, hesabu viungo vyote vinne, andika kwenye ripoti umeona nini na nini hakikuonekana, umwambie arudi lini. Na nyie kina mama na kina baba mnaowasindikiza, ulizeni kabla hamjatoka chumbani.

Mkunga na mpimaji,
Morogoro