Mheshimiwa Gavana, chokaa Lamu inauzwa wapi?

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, mtoto wa mwashi. Marehemu baba alitulea kwa mwiko na ndoo ya chokaa, ndiyo maana nikiingia mji wa watu macho huenda kwenye kuta kwanza, bahari baadaye. Juzi nilipanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, nikakaa Lamu siku nne. Siku tatu nilikuwa mgeni kama wageni wengine. Ya nne ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nianze na sifa, maana wenyeji wako wanazistahili. Nilishinda Mkomani, mtaa wa kale wa mji, nikipita chini ya mawikio, vile vyumba vilivyorukishwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba na nyumba. Niliingia ile nyumba ya zamani iliyofanywa makumbusho. Unakaribishwa kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe, unakata kona ili wa njiani asione ndani, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, kwenye jua. Kutoka hapo msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, kisha chumba cha ndani: kila ukisogea mwanga unapungua na baridi inaongezeka, hadi unakutana na ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimechongwa kwenye plasta kwa kisu. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana hata mita 3 ni taabu, kwa kuwa boriti ya mkoko haiendi zaidi ya hapo bila kupinda. Mti ndio uliompimia fundi chumba. Na chooni, kwenye birika la maji, walikuwa wakifuga visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Nilimsimulia mke wangu hilo kwa simu, hakuamini mpaka nikamtumia picha ya birika.

Sasa siku ya nne. Bibi mmoja aliniona nimesimama mbele ya daka lake nikigusa ukuta. Akauliza, "Mwanangu, umepotewa na nini?" Nikamwambia, "Shikamoo Bi, sijapotewa, natazama tu plasta." Akacheka, akanikaribisha. Nyumba ni ya babu zake. Ukuta wa msana ulikuwa umepigwa simiti miaka kama mitatu nyuma, umenyooka, umepakwa rangi. Kwa mbali ni mzuri. Nilipogonga kwa kifundo cha kidole ukalia kama debe tupu. Nikabonyeza kidogo pembeni, ikadondoka kipande kama sahani, na nyuma yake jiwe la matumbawe lilikuwa unga. Nikaonja kidole: chumvi tupu. (Baba alikuwa akionja kuta. Tulimcheka sana.)

Wewe una wahandisi, Mheshimiwa, kwa hiyo nitakwenda haraka. Ukuta wa Lamu ni matumbawe na chokaa, na vyote viwili vinanywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hutoka nje polepole, ukuta hukauka, na plasta ikichoka unabandua na kupaka nyingine. Simiti haitoi. Unyevu ukikwama nyuma yake, chumvi huganda ndani ya jiwe na kulipasua chembe kwa chembe, na boriti zilizozikwa kwenye ukuta huo huanza kuoza kwenye ncha, mahali ambapo hakuna anayeona. Nyumba zilizosimama tangu karne ya 18 zinaweza kulika hivi huku zimepakwa rangi mpya.

Nikamuuliza Bi kwa nini hakutumia chokaa. Jibu lake sijalisahau: "Simiti iko dukani hapo, mtoto ataileta na punda kabla ya adhuhuri. Chokaa nionyeshe duka." Wakati tunazungumza punda wawili walipita na mifuko kwenda ujenzi wa jirani, kama vile walikuwa wamepangwa.

Hapo ndipo nilipo, Mheshimiwa. Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kila mgeni huambiwa hivyo kabla hajashuka botini. Mwenye nyumba naye huambiwa asiharibu. Lakini kumkataza mtu simiti bila kumpa chokaa ni kumwambia akae na ukuta unaodondoka. Fundi wa zamani alichoma chokaa mwenyewe: alipanga magogo duara, akarundika vipande vya matumbawe juu yake, akachoma, kisha akaacha rundo linyonye umande miezi kadhaa hadi likatike kwa mwiko kama siagi. Leo mama wa watu atachoma wapi? Uani?

Ninaloomba ni dogo. Litengwe eneo moja nje ya mji lenye shimo la chokaa iliyoiva, iuzwe kwa ndoo, kwa bei isiyomfanya Bi aikimbilie simiti. Najua watu wa mazingira watauliza kuhusu miamba na mikoko, na wako sawa. Hakuna haja ya kugusa mwamba hai: mawe ya chokaa yapo bara, na magofu ya nyumba zilizokwisha kuanguka yana mawe ya kujengea. Waashi wazee waliobaki wawekwe hapo, walipwe, na kila mmoja apewe vijana wawili. Mikono hiyo ikizikwa, hata ukiwa na meli nzima ya chokaa haitakusaidia.

Na wageni waonyeshwe. Mimi nililipa kiingilio kuona zidaka zilizokwisha chongwa, na sijuti. Ningelipa mara mbili kumwona mzee akichonga kimoja plasta ikiwa bado mbichi.

Bi alinipa kahawa na halua, akakataa katakata kunisikia nikiomba radhi kwa kipande nilichokibomoa. Nimemwahidi nitarudi kuziba. Mwiko wa baba ninao, mpini nimeubadilisha tu. Shimo likiwa tayari nitumie salamu, nauli nitajilipia mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mwashi, Mji wa Kale, Mombasa