Malalamiko kuhusu safari ya ndege wahamao kisiwani Lesvos, Mei 2024

Watamu,
Kaunti ya Kilifi.
14 Juni 2024

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Safari za Nje,
Mombasa.

Bwana Meneja,

MINT: KUDAI NUSU YA MALIPO YA SAFARI YA LESVOS

Ninaandika kudai nirudishiwe nusu ya fedha nilizowalipa kwa safari ya kutazama ndege katika kisiwa cha Lesvos, Ugiriki, na kuwataka mbadilishe namna mnavyoitangaza na kuiendesha safari hiyo kabla hamjamuuzia mtu mwingine. Nimeshapiga simu ofisi yenu ya mauzo, nikatuma na barua pepe. Jibu ni lile lile: kisiwani nilifikishwa, hotelini nililala, ndege niliwaona, sasa nalalamikia nini? Kwa kuwa swali hilo limerudiwa na kila niliyezungumza naye, naona kampuni haielewi ilichokiuza. Nitaeleza.

Mimi ni mwongoza watalii wa ndege hapa Watamu. Kazi yangu iko Mida na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na mara nyingine mlango wa Mto Sabaki na mashamba ya chumvi ya Gongoni. Kila mwaka, kaskazi inapokatika na kusi kuanza kuvuma, nawaona ndege wa matopeni pale Mida wakibadilika rangi. Yuko mmoja mdogo, mdomo wake umepinda kidogo kuelekea chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Miezi yote ya kaskazi huwa wa kijivu, na mgeni hawezi kumtofautisha na wenzake. Mwezi wa nne kifua chake huanza kuingia wekundu. Halafu siku moja maji yanakupwa unakuta wakubwa hawapo, wamebaki wachanga wasiokwenda kuzaa mwaka huo. Waliokwenda wanaelekea kaskazini ya mbali ya Siberia, na wengi wa jamii yao hushuka mashariki mwa Mediterania kula na kupumzika. Mashamba ya chumvi ya Kalloni, katikati ya Lesvos, ni mojawapo ya vituo vyao. Nilijinyima mengi ili nisimame pale niwaone wakiwa wamekamilika rangi, katikati ya safari ambayo miaka yote nimeuona mwanzo wake tu. Hicho ndicho nilichokinunua kwenu, na tangazo lenu, ambalo nakala yake nimeambatanisha, liliniahidi hicho hicho kwa maneno yaliyo wazi: wiki ya mwisho ya Aprili, "kilele cha uhamaji", malazi Skala Kallonis kando ya mashamba ya chumvi, magari madogo, na mwongozaji anayekijua kisiwa.

Kilele hicho kina wakati wake, na hakingoji. Lesvos hujaa wasafiri kuanzia katikati ya Aprili hadi wiki za mwanzo za Mei. Ndege wadogo huvuka bahari usiku. Upepo wa kaskazini ukiwapinga, au mvua ikiwakuta, hutua kwa wingi alfajiri wakiwa wamechoka, na vichaka vya pwani ya magharibi karibu na Sigri na Faneromeni huwa na ndege kila tawi. Baada ya saa chache wameshakula na kutawanyika ndani ya kisiwa. Usiku ukiwa shwari wanaondoka. Kozi wenye miguu myekundu, Falco vespertinus, hupita wakati huo wakitoka kusini mwa Afrika, na buabua wenye mabawa meupe huja kuwinda wadudu juu ya maji ya Kalloni. Wanaokwenda Aktiki hawawezi kuchelewa, kwa sababu kule theluji huyeyuka mwezi wa sita, kiangazi ni kifupi, na anayekawia hakuzi makinda. Kwa hiyo inapofika wiki ya mwisho ya Mei sehemu kubwa ya uhamaji imekwisha. Jambo hili linajulikana kwa kila mtu anayefanya biashara ya ndege katika kisiwa kile.

Nanyi mkatupeleka wiki ya mwisho ya Mei. Mwezi wa pili mlituandikia kwamba tarehe zimesogezwa kwa kuwa hoteli zimejaa kwa ajili ya Pasaka. Pasaka ya Kanisa la Kiorthodoksi mwaka huu ilikuwa tarehe 5 Mei. Tarehe hiyo hupigiwa hesabu miaka mingi kabla, na kampuni inayouza safari za Ugiriki ilipaswa kuitazama kabla ya kuchapisha tangazo na kupokea fedha za watu. Tena Skala Kallonis ni kijiji, na wapenzi wa ndege kutoka Uingereza na Uholanzi huweka nafasi zao mapema. Aliyekuwa na nia ya kutulaza pale angekwisha kulipia vyumba mwaka uliotangulia. Ninaamini hamkuwa na vyumba tangu mwanzo.

Hamkutupa nafasi ya kujitoa na kurudishiwa chetu. Barua yenu ilisema "ndege ni wale wale". Kumsogezea mtu safari ya uhamaji mwezi mzima mbele ni kumfikisha mgeni arusini turubai zinakunjwa, kisha kumwambia ukumbi ni ule ule. Juu ya hayo, wengi wetu tulilazimika kutengeneza upya makaratasi ya viza ya Schengen, bima na uthibitisho wa malazi, na kupanda tena hadi Nairobi kwenye Ubalozi wa Ugiriki. Gharama hiyo tulibeba wenyewe. Risiti zangu nimezifunga pamoja na barua hii.

Tulipofika tukalazwa Mytilene, mji mkuu, kiasi cha kilomita 40 kutoka Kalloni. Magari madogo hayakuwepo. Lilikuja basi kubwa la watalii, na ndani yake tukakuta kundi jingine la wateja wenu waliokuja kwa ajili ya fukwe na kutembelea vijiji. Sina neno na watu hao. Walilipia walichokitaka na walikuwa wenzetu wema njiani. Ila mlipotuunganisha nao ili kuokoa gharama ya gari la pili, safari yetu ikafa pale pale, kwa kuwa ratiba ilifuata yao. Basi la namna ile halipiti njia nyembamba zinazofuata kingo za mto Tsiknias, ambako mtazama ndege hutumia gari dogo kama maficho, anazima injini na kukaa kimya. Basi lilisimama barabarani juu, tukashuka wote kwa kelele, na kila kilichokuwa ukingoni kikaruka.

Alfajiri ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Majira yale saa za Ugiriki ni sawa kabisa na za kwetu, lakini jua huchomoza Lesvos kabla ya saa 12 asubuhi. Sisi tulipandishwa basi saa 3. Katika kundi letu alikuwemo mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye jioni ya kwanza alimwendea kwa upole kijana wenu mliyemtuma kutuongoza: "Mwanangu, kesho hatuwezi kutoka gizani? Ndege hawangoji chai." Akajibiwa, "Mama, dereva anaanza kazi saa 3, ndivyo ilivyo kwenye mkataba." Simlaumu kijana. Ni mtu mwenye adabu, na anawajua wanyama wa Tsavo vizuri. Lakini Lesvos hakuwahi kufika, kama alivyotuambia mwenyewe, na mkataba wa dereva hakuuandika yeye.

Kwa hiyo tulifika Kalloni jua limeshapanda. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi anajua hali hiyo: joto likishaingia, hewa juu ya maji meupe hutetemeka, na hata darubini kubwa ya miguu mitatu huonyesha vivuli tu. Heroe tuliwaona, kwa kuwa heroe huonekana hata kwa jicho tupu. Nilitafuta ndege wangu wa kifua chekundu kila tulipopitishwa pale, na sikumpata hata mmoja. Mchana tulipelekwa kwenye kiwanda cha ouzo, pombe ya Kigiriki, cha Plomari, ngome ya Molyvos, na msitu wa miti iliyogeuka mawe karibu na Sigri, miti ya miaka milioni 20 hivi iliyopita. Ni mambo ya kuheshimika, na msitu ule unastahili safari yake peke yake. Sikuwa nimeulipia. Pale Sigri nilisimama na tikiti ya makumbusho mkononi huku bonde la Faneromeni liko karibu, na basi halikwenda. Juu ya mlima wa Ipsilou, ulio volkano iliyokufa, huzaliana ndege adimu Emberiza cineracea, ambaye Ulaya yeye hupatikana katika visiwa vichache vya Ugiriki. Tulifikishwa adhuhuri kuiona nyumba ya watawa, tukapewa muda wa kupiga picha, tukaitwa.

Sitaki kuidhulumu kampuni. Ndege wanaozaliana kisiwani walikuwepo. Hippolais olivetorum, anayekimbilia Afrika ya mashariki na kusini wakati wa baridi ya Ulaya, nilimsikia akiimba ndani ya mizeituni, na nikafurahi sana. Ofisi yenu inapenda kunitajia orodha ya ndege tulioandika kwenye daftari la kundi kama ushahidi kwamba niliridhika. Orodha hiyo ni ya wenyeji wa kisiwa. Angalieni tangazo lenu: neno lililouza safari lilikuwa uhamaji.

Liko jambo jingine, ambalo ningeliandika hata kama mngenirudishia kila senti. Katika msitu wa misonobari wa Achladeri anaishi Sitta krueperi, ndege mdogo mwenye kofia nyeusi na baka la kahawia nyekundu kifuani, anayeshuka shina la mti kichwa kikitangulia. Makao yake makuu ni Uturuki na Kaukasi. Katika Ugiriki yote huzaliana Lesvos tu. Tulipofika, wazazi walikuwa na makinda waliotoka tunduni karibuni, bado wanalishwa. Mwongozaji, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na kundi la pili lilikuwa likisubiri ndani ya basi, akatoa spika na kupiga sauti ya ndege huyo iliyorekodiwa, akairudia na kuirudia. Dume lilikuja mbio likiamini mvamizi ameingia. Liliruka kutoka tawi hadi tawi juu ya vichwa vyetu, likiita, halikulisha tena. Tulimwomba azime. Alisema maelekezo ya ofisi ni kuhakikisha "kila mteja anapata picha".

Kama maelekezo hayo yapo kweli, yafuteni leo. Ndege anayehadaiwa hivyo huacha kutafuta chakula, huacha kulinda makinda, hujianika kwa kipanga. Mara moja pengine hupona, lakini mahali panapotembelewa na makundi msimu mzima, kila kundi na spika yake, ni mateso. Huku Arabuko-Sokoke namtafutia mgeni wangu bundi mdogo wa Sokoke mahali anapolala mchana, tunamtazama kwa mbali, kimya, tunaondoka. Mgeni asipompata siku hiyo, namweleza ukweli. Niliona aibu kubwa kusimama Achladeri nikiwa sehemu ya kundi lililofanya vile.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe nusu ya malipo ya safari pamoja na gharama zote za kurudia viza, ndani ya siku 21 tangu kupokea barua hii. Nipate jibu la maandishi, lenye sahihi yenu, kwamba hakuna mwongozaji wenu atakayetumia sauti zilizorekodiwa kwa ndege wenye viota au makinda. Na tangazo la mwaka ujao lisiitwe safari ya uhamaji mpaka muwe na vyumba Skala Kallonis kuanzia nusu ya pili ya Aprili, magari madogo yasiyochanganywa na kundi jingine, dereva ambaye mkataba wake unaanza kabla ya jua kuchomoza, na mtu wa kisiwa kile, au aliyekaa kule misimu kadhaa, wa kutuongoza. Hilo la mwisho si gumu. Mgeni wa Uholanzi akija Mida haletewi mwongozaji kutoka Amsterdam. Ananitafuta mimi au mwenzangu.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidi alichokinunua, na ya kufidiwa hasara. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumtangazia mteja jambo la kupotosha. Nisipopata jibu katika muda niliotaja, nitapeleka dai langu Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa, na nakala ya barua hii kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Wenzangu wa safari wameniruhusu kusema kwamba watatoa ushahidi, na mama yule mwalimu ameandika barua yake mwenyewe, itawafikia kwa posta wiki hii.

Nimeambatanisha tangazo la awali, barua ya kubadilisha tarehe, risiti za malipo, risiti za viza na za usafiri wa kwenda Nairobi, ratiba ya kila siku tuliyopewa Mytilene, na picha ya basi. Namba yangu ya simu mnayo. Napatikana jioni, kwa kuwa asubuhi huwa niko kazini Mida.

Wenu mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja, safari ya Lesvos
Mwongoza watalii wa ndege, Watamu