Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: tuongee kuhusu vipimo

Ndugu wanachama, habari za huko mliko, wa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na sie wa hapa mjini. Hesabu za ada mweka hazina keshazituma kwenye grupu, zisomeni, mimi leo nataka niongelee vipimo vya soriasisi, huu ugonjwa wetu wa ngozi wa magamba, maana ndo vimetusumbua mwaka mzima.

Kuna wenzetu wametozwa hela wapimwe damu eti ijulikane kama wana soriasisi. Jamani, kipimo cha damu cha kuthibitisha soriasisi hakipo, si Dodoma si Ulaya. Daktari anaangalia ngozi, kichwa, viwiko, kucha, akiwa na mashaka anakata kinyama kidogo kinaenda maabara basi. Watafiti wanahangaika na bayomaka nyingi, yaani viashiria vya ugonjwa mwilini, mfano protini ya beta-defensini 2 ambayo hupanda pale IL-17, kemikali ya kinga ya mwili inayochochea soriasisi, ikichachamaa, ila bado ni mambo ya utafiti. CRP nayo, protini ya damu inayoashiria uvimbe au maambukizi mwilini, hupanda hata ukiwa na malaria. Jeni la HLA-C*06:02, la kurithi na linalohusishwa na soriasisi, unaweza ukawa nalo na usiumwe mpaka unazeeka.

Mwezi wa saba, na ule upepo wetu, mama mmoja alipandisha mkono wa sweta magamba yakamwagikia kanga, akawa anayakung'uta harakaharaka kwa aibu, miaka miwili anatibiwa fangasi. Niliumia sana. Kwenye ngozi zetu nyeusi ule wekundu wa vitabuni hauonekani vizuri, unakuta zambarau au kijivu, ndo maana tunapitwa.

Ila msinielewe vibaya, mnaomeza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, damu LAZIMA mpime, FBP (hesabu ya chembe za damu), ini na figo, hiyo ni kuangalia dawa isiwadhuru. Na inamezwa mara moja kwa WIKI, sio kila siku, narudia.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanaufuatilia kwa PASI, kipimo cha ukali wa soriasisi chenye alama 0 mpaka 72, wanaangalia wekundu, unene, magamba na ukubwa wa eneo. Sie tulikubaliana picha ya simu kila mwezi, sehemu ileile, mlangoni asubuhi, bila flashi, na wengi hamjapiga.

Viungo pia. Mimi kidole cha mguu kilivimba chote kama soseji, kipimo cha baridi yabisi kikatoka negativu nikaambiwa nirudi nyumbani sina kitu, kumbe soriasisi ya viungo mara nyingi kipimo hicho hakiionyeshi, kidole kikapinda mpaka leo. Asubuhi vidole vikikaza zaidi ya nusu saa mwambieni daktari siku hiyohiyo.

Tarehe 29 Oktoba, siku ya soriasisi duniani, tunakutana, kila mtu aje na picha zake kwenye simu.