YAH: MALALAMIKO KUHUSU UHARIRI WA SURA YANGU YA MIUNGANO YA WAPIGANAJI WA MSITUNI

Ndugu Meneja Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata ofisini kwako. Katika kikao cha kupitia prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, mhariri wenu mwandamizi alichukua ukurasa wenye ramani ya Ziwa Tanganyika, akaupiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe mbele ya msanifu wa kurasa na vijana waliokuja kujifunza kazi, kisha akasema: "Mkomunisti ni mkomunisti tu. Wote walitumwa na Moscow, msomaji hana haja na mipaka yako." Nilipoomba kujieleza, alinisukumia fomu ya idhini na kuniambia nitie sahihi.

Ramani ile haikuwa pambo. Inaonyesha njia waliyopita mwanamapinduzi Che Guevara na wenzake kutoka Kuba, wakienda kuwasaidia waasi wa Kongo, walipovuka kutoka Kigoma na kufika Kibamba, upande wa Kongo, tarehe 24 Aprili 1965, wakitumia namba za Kiswahili kama majina: Víctor Dreke akiitwa Moja, José María Martínez Tamayo akiitwa Mbili, na Guevara mwenyewe akiitwa Tatu. Watu na silaha vilipita katika ziwa hilo, na Novemba mwaka huohuo Wakuba waliposhindwa walirudi Kigoma kwa njia hiyohiyo. Mwezi mmoja kabla, Rais Kasavubu wa Kongo alikuwa amemwondoa madarakani Waziri Mkuu Tshombe, ambaye waasi walikuwa wakimpinga, viongozi wa Afrika wakakutana Accra, na baada ya hapo serikali ya Tanzania ikawataka Wakuba wasitishe msaada wao. Jirani aliyefungua njia ndiye aliyeifunga. Hiyo ndiyo hoja ya sura nzima, na prufu yenu imeweka mahali pake sentensi moja inayodai kwamba Urusi ilipeleka kikosi Kongo. Sikuandika sentensi hiyo, na si kweli.

Kosa lililonikosesha usingizi, hata hivyo, ni la Zimbabwe. Mmeunganisha ZANLA na ZIPRA, majeshi mawili ya msituni yaliyopigania uhuru wa Zimbabwe, kuwa jeshi moja "lililofadhiliwa na Wasovieti". Ndugu Meneja, ZIPRA ya chama cha ZAPU ndiyo iliyoelemea Moscow, na ndiyo iliyovuka mto Zambezi kutoka Zambia mwezi Agosti 1967 pamoja na wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ya Afrika Kusini, wakaenda kupambana Wankie, ndani ya Zimbabwe. ZANLA ya chama cha ZANU ilielemea China, wapiganaji wake wakafundishwa na Wachina katika kambi ya Mgagao, mkoani Iringa, na ilipata njia ya kuingia nchini kwao kupitia Tete, Msumbiji, katika maeneo yaliyoshikwa na wapigania uhuru wa huko, FRELIMO. Bila ruhusa ya FRELIMO, shambulio la tarehe 21 Desemba 1972 kwenye shamba la mlowezi la Altena, wilaya ya Centenary nchini Zimbabwe, lisingewezekana kwa namna lilivyofanyika. Majeshi haya mawili yalipowekwa pamoja mwaka 1976 yaligeuziana silaha humuhumu Tanzania, Mgagao na Morogoro, na watu wakafa. Mtu anayeandika kwamba walikuwa kitu kimoja anawafuta wafu hao, na anawafuta chini ya jina langu.

Mfano wa Ugiriki nao umetupwa bila maelezo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji wa kikomunisti wa huko walipata hifadhi, silaha na matibabu kutoka Yugoslavia, lakini baada ya Tito, kiongozi wa Yugoslavia, kugombana na Stalin wa Muungano wa Kisovieti mwaka 1948, viongozi wa wapiganaji hao walisimama na Stalin, na Julai 1949 Tito akatangaza kufunga mpaka. Kufikia Oktoba walikuwa wameshindwa. Kama wote walitumwa na mkono mmoja, mhariri wenu atueleze mpaka ule ulifungwa na nani na kwa sababu gani.

Narudi kwenye kikao kile, kwa kuwa sijakieleza chote. Baada ya kuupiga ukurasa mstari, mhariri aliukunja mara mbili, akauweka mezani na kukiweka kikombe chake cha chai juu yake. Chai ilikuwa imemwagika kwenye kisahani, ikalowesha karatasi mpaka wino wa Kigoma ukachuruzika. Vijana wale walicheka. Alinitazama, akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: "Mkomunisti ni mkomunisti tu." Kisha akagonga fomu ya idhini kwa kalamu ileile nyekundu. Sikutia sahihi, na sitatia. Nilishangaa baadaye kupokea kutoka idara ya uzalishaji taarifa kwamba sura "imeidhinishwa na mwandishi". Nani aliyeidhinisha? Mkataba wetu unasema wazi kwamba mabadiliko ya maudhui yanahitaji ridhaa yangu ya maandishi, na kifungu hicho mlikiandika ninyi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba jambo moja tu, kwamba matini yangu irudishwe kama ilivyokuwa katika mswada, pamoja na ramani na sehemu ya Ugiriki. Hilo sasa halitoshi. Ninataka uchapaji usimamishwe mpaka nipitie prufu mpya ukurasa kwa ukurasa, nikabidhiwe nakala ya hiyo fomu inayodaiwa kuwa na idhini yangu, na mhariri husika aniombe radhi kwa maandishi, nakala wapewe wote waliokuwamo chumbani, wakiwemo vijana waliofundishwa siku ile kwamba kazi ya mtu hudharauliwa namna hiyo.

Nisipopata hayo ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii, nitaondoa sura yangu yote na kulipeleka suala hili kwa wakili na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Mkichapa kitabu kabla ya hapo kikiwa na jina langu juu ya maneno yale, nitaomba mahakama iamuru kila nakala iondolewe sokoni, na gharama zitakuwa zenu.

Ninasubiri majibu ya maandishi yenye sahihi yako mwenyewe. Barua itakayotoka kwa mhariri huyo sitaipokea.

Wako,
Mwandishi wa Sura ya Sita